Fokacha ya Chef Floribert

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tano

Italia! Ninaandika hili neno na herufi kubwa. Jana kisha misa, Padri Aloys, paroko wetu, ametangaza: ile parokia ya Italia yenye iko na jumelage, undugu, na sisi inatuma mugeni. Ni padri, anaitwa Don Silvano. Anafika wiki hii. Akirudi kwao, wakristo wawili wa huku watapanda ndege pamoja naye, wakae kule mwezi muzima. Nafasi moja ni ya Maman Bintu, présidente ya wamama, hakuna wa kubisha. Ya pili iko wazi. Comité ya parokia itachagua mutu mwenye anajua kupokea mugeni.

Kupokea mugeni! Si miye huyo? Nilikuwa animateur mu ONG ya misaada, nimepokea Wazungu wa kila rangi. ONG ilifungwa, ndiyo, lakini badge ninaivaa mpaka leo, juu mutu hafungwi pamoja na ofisi. Tangu ile siku simu yangu hailie. Ikilia, ni mama fulani anauliza kama robe yake imekwisha, juu wateja wote wa muke wangu Eulalie wanatumia namba yangu. Yeye ni mushonaji. Miye, inaonekana, ni secrétaire wake. Ninataka Italia. 

Mushindani ni mumoja tu: Ezéchiel, jirani, mwenye duka ku kona. Tayari amejigamba mbele ya kanisa kama atachinja mbuzi. Mbuzi! Mutu apande ndege tatu kuja kuangalia mbuzi! Miye nitamupa mugeni kitu ya kwao: mukate wa Kitaliano wa majani, jina yake fokacha. Nimeuona mu video. Mama mumoja wa Kitaliano anabonyeza unga na vidole, anamwanga mafuta, anatupa majani juu, anacheka. Kazi ya kucheka tu.

Nimemuambia Eulalie kama kuanzia leo aniite Chef Floribert. Ameuliza kama niliwahi kuchemusha hata chai. Nikaanza video upya.

Jumanne, tarehe 7

Siku ya kutafuta vitu. Video inadai majani ya kunukia, romarin na origan, tena mafuta ya olive.

Nilipanda soko ya Kadutu, hapa Bukavu, kwa wamama wenye kuuza majani. Nikaomba majani ya kutia mu mukate. Wakaangaliana. Wa kwanza akaniuliza ninaumwa nini. Nikasema siumwi. Wa pili akasema basi ni minyoo, nisisikie haya, hata wakubwa wanapata. Nikawaeleza polepole, na Kifaransa kidogo ya kuongeza heshima, kama ni ya kunukisha mukate wa mugeni. Wa tatu akasema kwao Kalehe mutu akitia majani mu chakula ya mugeni wanamupeleka kwa mwami akajieleze. Walicheka mpaka mumoja akakaa chini. Watu hawajafunguka akili!

Romarin nimeipata kwa wamasista, kule Nguba. Mulinzi wao ameniachilia nikate kidogo, kisha kuona badge. Origan hakuna mu Bukavu yote. Pahali pake nimechuma mubirizi ku lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Ndiyo, mubirizi, ile ya kunywa wakati wa malaria, yenye kufanya mutu mukubwa akunje uso. Lakini iko kijani, iko majani, Mutaliano atajulia wapi?

Ikabaki mafuta ya olive. Huku kwetu ile mafuta iko kwa watu wa maombi. Mama mukwe wangu, Maman Madeleine, mwenye tunaishi naye, ana kichupa juu ya kabati. Wamekiombea mu groupe yake ya maombi, naye anajipaka ku kifua kila jioni juu ya kikohozi. Alikuwa analala. Nimemwanga yote mu bakuli yangu, nikajaza kichupa na mafuta yenye ilibaki ya kukaangia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Rangi iko sawasawa. Imani ndiyo inaponyesha, si mafuta.

Alhamisi, tarehe 9

Courant hakuna, umeme umekatika. Hata ingekuwako, four ya kuchomea mukate hatuna. Nikafanya sawa wamama wanafanya na keki: sufuria kubwa juu ya mbabula, jiko ya makaa, muchanga ndani, makala chini, makala ingine juu ya kifuniko. Nilichukua sufuria ya Eulalie, ile mama yake alimupa siku ya ndoa, juu ndiyo kubwa kuliko zote.

Video inasema uache unga ulale mpaka uumuke wenyewe. Unga kulala! Mu nyumba yenye hata miye silali! Nimeongeza levure, ile hamira, nikaongeza tena, ili mambo iende mbio. Kweli ikaenda. Unga ukapanda, ukasukuma kifuniko, kifuniko ikainama, makala yote ikaingia ndani. Nilitoa makala na mukono, moja moja, nikiita watakatifu kwa majina. Niliitoa karibu yote.

Mukate ukaiva. Chini mweusi, katikati mubichi, na juu kitu sijui niite namna gani. Lakini chef haogopi kazi yake. Nikaukata, nikauma kwa nguvu zote. Mama yangu weee! Ilikuwa ile makala ya kubaki. Jino la nyuma limepasuka vipande viwili.

Shavu imevimba, inapanda kuelekea jicho. Eulalie amenipa maji ya chumvi nisukutue, akauliza sufuria yake iko wapi. Nikasema inapoa. Haitapoa tena. Imetoboka.

Jumamosi, tarehe 11

Leo umekubali! Nimekopa sufuria kwa Maman Bintu, nikaacha unga ulale (nilikuwa ninalala pia, dawa ya meno ilinishinda), na mukate umetoka sawa ile ya video. Pana, ya rangi ya asali, na vishimo vya vidole, na majani kijani kila pahali. Majani mengi. Sikuyahesabia mugeni. Nyumba yote inanuka romarin. Nilisimama mbele yake muda murefu, nikaona Roma.

Nimelamba kipembe kimoja. Mubirizi inasikika. Inasikika sana. Lakini uchungu ni ladha ya watu wenye kusoma.

Eulalie amekuja kuangalia, na kwa mara ya kwanza wiki hii amesema pongezi. Kisha akaharibu. Akanikumbusha kesho, mbele ya watu wote, nikate kipande, nionje miye wa kwanza. Eti mutu wa Bukavu hagusi sahani mbele mwenyeji hajaonja. Hata bia ya Primus unaifungulia mugeni mbele ya macho yake. Sawa! Ninajua ile desturi, nimezaliwa huku. Ni juu ya karuho, ile sumu watu wa huku wanaiona mu kila kikombe. Nikamueleza kama kule Ulaya chef hali mbele ya wageni. Anasimama nyuma, anakunja mikono, anangoja sifa. Ni vile mu video. Tunapokea Mutaliano ao tunapokea mashaka? Na tena siwezi kutafuna. Hata uji unapita upande mumoja.

 Akarudi ku mashini yake.

Jumapili, tarehe 12

Ninaandika na hasira. Kalamu imetoboa karatasi.

Salle ya parokia ilijaa. Don Silvano ni mutu murefu, mupole, anasema Kifaransa ya kutafuta. Ezéchiel ameleta mbuzi yake. Amekata nyama, ametia mu kinywa chake mwenyewe, amemeza, amepangusa mdomo, akasema karibuni. Mutu bila éducation! Watu wakaangukia ile mbuzi, hata mifupa sikuiona tena.

Halafu zamu yangu. Tablier nyeupe ya mupishi, badge juu yake, fokacha imefunikwa na kitambaa. Nikasema buongiorno, salamu yao ya asubuhi, ijapokuwa jua lilikuwa linaenda kulala. Nikaeleza historia ya Italia, ile ninajua. Nikafunua. Nikampelekea Don Silvano sahani, nikarudi nyuma, nikakunja mikono.

Don Silvano akatabasamu. Akaweka mukono ku tumbo. Akasukuma sahani polepole kwa Padri Aloys. Padri Aloys akaangalia mukate, akaangalia yale majani, akaangalia shavu yangu, akaipitisha kwa Maman Bintu. Maman Bintu hakuigusa hata na kidole, aliisukuma na kijiko. Ile sahani imezunguka salle yote, imerudi kwangu bila kupoteza hata kipande.

Hapo Ezéchiel akasimama. Na sauti ya asali akaomba Chef atuonjee, watu wasikie nguvu. Nikasema chef hali mbele ya wageni. Nilisema na nusu ya mdomo, juu nusu ingine ilikuwa imevimba, na nikacheka, upande mumoja. Eulalie alikuwa ananifanyia alama na macho toka kule nyuma: kula, kula, kula! Nikaona ni woga wa kike.  Mama mumoja akavuta mutoto wake. Sauti ya nyuma ikasema hata Mutaliano ameogopa mukate wa kwao. Viti vikaanza kulia, watu wakitoka.

Nimerudi nyumbani na fokacha nzima chini ya kitambaa. Nilitaka kulia kweli. Jino ikaanza kuuma mbele sijaanza.

Jumatatu, tarehe 13

Mutaa wote unaniita Papa Karuho. Watoto wameimba njiani. Kuku ya Ezéchiel imekufa asubuhi. Imekanyagwa na pikipiki, watu wameiona ikikanyagwa, motard mwenyewe ameomba musamaha, na bado wanasema imekula fokacha.

Na wateja wa Eulalie wamekuja. Si kupima nguo. Kuchukua vitambaa vyao, hata vile bado kukatwa. Wa kwanza alisema kuna msiba kwao. Wa pili alisema pia kuna msiba. Wa tatu alinyoosha mukono tu, akakataa hata kiti. Sasa mashini imenyamaza. Sikujua kama ile mashini ndiyo sauti ya nyumba yetu. Eulalie amekaa mbele yake, mikono ku magoti, hakunitukana. Ingekuwa heri anitukane.

Jioni Padri Aloys ameniita. Alikuwa amechoka na miye. Akasema mambo ni nyepesi: Jumatano shirika yetu, jumuiya ya wakristo wa mutaa, inakusanyika kwa Maman Bintu kusali. Nilete mukate wangu, nikate kipande, nikule mbele ya wote, nimeze, basi, kesi imekwisha. Akaongeza kama comité haijachagua bado, nayo itakuwa pale, na Don Silvano ameniulizia na huruma. Italia ingali wazi!

Nimemuambia Eulalie. Amenishika mukono. Amesema kipande kimoja tu, Floribert, hata kidogo sawa kidole, utie mu kinywa, umeze, turudi. Ameomba hivyo, miye nimeahidi.

Jumanne, tarehe 14

Nimefikiri. Mutu mwenye akili hakimbilie kufanya kitu chenye kila mutu anamuambia afanye.

Shida ya kwanza: jino. Fokacha ina ganda, siwezi. Shida ya pili: mubirizi. Nikikunja uso mbele ya shirika, wataimba Requiem. Kubadilisha recette? Hapana! Itakuwa kukubali kosa, na siku moja kule Italia wataniuliza.

Halafu ikanijia, nikiwa ninapiga uso maji. Mikate miwili! Ule mukubwa, sawa wa kwanza, na majani yake yote, wa shirika. Na mumoja mudogo, wa kwangu peke yangu: bila ganda, bila hata jani moja, umelowana na maziwa. Nitaula mbele yao na furaha yote. Mukate ni mukate! Padri alisema nimeze, hakusema nimeze upi.

Eulalie sijamuambia. Ana mawazo mengi sasa, nisimuchokeshe.

Jumatano, tarehe 15

Hawa watu Mungu mwenyewe atawahukumu.

Tulisali vizuri. Nikaweka fokacha kubwa ku meza, nikaikata vipande.  Eulalie akanitikisia kichwa, ya kunipa nguvu. Nikaingiza mukono mu mufuko wa veste, nikatoa mukate wangu mudogo mu karatasi yake, nikafunga macho, nikala. Nikatafuna polepole. Nikasema mmm. Nikameza na kishindo, wasikie.

Nilipofungua macho, Maman Bintu alikuwa amekwisha ondoa watoto.

Ezéchiel hakupandisha hata sauti. Aliuliza tu kwa nini mupishi ana mukate wake, na wengine wana wao. Nikasema ni sababu za médical. Haikusaidia. Nikasema ule mwingine hata miye siuwezi. Hiyo ilisaidia kidogo zaidi kuniharibia. Eulalie alifunika uso na kitambaa cha kichwa.

Na hapo Maman Madeleine, mama ya muke wangu, mutu mwenye anakula ku meza yangu (sawa, ku meza ya binti yake), amesimama. Amechukua kipande, amekinusa, akaomba watu wanyamaze. Akasema hiyo ndiyo mafuta yake ya maombi. Akasema tangu wiki ya jana akijipaka kifua kinanuka samaki, na paka tatu za mutaa zinamufuata mpaka mu groupe ya maombi, zinakaa mbele yake wakati anasema lugha za Roho, watu wameanza kumuombea yeye. Sasa amejua ni nani amemuroga. Amesema hivyo. Amemuroga!

Padri Aloys ameshika kichwa na mikono miwili. Comité imeenda nyuma ya nyumba. Imerudi mbele hata sijakunja karatasi yangu. Ezéchiel. Ezéchiel anaenda Italia! Wamemupigia makofi. Na miye nilipiga, juu waliniangalia.

Njiani Eulalie ametembea mbele na mama yake. Paka zilikuwa nyuma yao. Miye nyuma ya paka.

Jumamosi, tarehe 18

Don Silvano amekuja kwetu! Peke yake, na miguu, bila kutangaza. Amesikia niko mugonjwa wa jino, akataka kuniaga mbele hajaenda. Mutaa wote umetoka ku mulango kuangalia Mutaliano mwenye anaingia kwa Papa Karuho kufa.

Ilikuwa saa ya chakula. Eulalie hakuwa na kitu ya kumupa: bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, basi. Nilimukonyeza aifiche. Akaweka ku meza. Akanawa mikono, akamega bugali mu ile sahani yenyewe, akachovya mu sombe, akala mbele ya macho yake, akasema karibu baba. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Don Silvano akamega nyuma yake. Akala. Akaomba tena. Akaomba tena! Alisafisha sahani na kidole, padri muzima! Ku mulango watu walikuwa wanasukumana waone kama anaanguka. Hakuanguka. Alipewa na ndizi ya kumalizia.

Kisha akatueleza, na haya ya mutu mwema. Tangu utoto tumbo yake inakataa ngano. Kitu yoyote yenye unga wa ngano ndani, hata kidogo, inamulaza hôpital. Ndiyo sababu hata ku misa anakuja na hostia yake ya pekee. Siku ile mu salle alitaka kuniambia, lakini aliona tablier na badge, akaona namna nilisimama na furaha, roho yake ikashindwa.

Mutaliano mwenye hali mukate! Na hakuna mutu aliniambia!

Mbele Don Silvano hajafika hata ku duka ya kona, wateja wawili walikuwa tayari ku mulango wetu na vitambaa vyao. Ile misiba yao imekwisha, inaonekana. Mashini inalia tena. Eulalie ameimba kidogo, si kwa ajili yangu lakini nilisikia.

Jambo kubwa ni hili. Akitoka, Don Silvano alisema mwaka kesho atarudi, na atachagua yeye mwenyewe, na angependa sana kumuona mutu wa nyumba hii kule Italia. Alisema akiangalia Eulalie. Miye nilikuwa nimesimama nyuma ya Eulalie, kwa hiyo aliniangalia miye.

Italia! Sasa kosa nimelielewa, na ninalikubali sawa mwanaume. Desturi haikuwa kosa, majani hayakuwa kosa. Kosa ilikuwa mukate. Tumbo ya mutu inakataa ngano, unamutengenezea mukate! Hata mutoto hawezi kufanya vile. Mwaka kesho hataona mukate ku meza yangu. Nimekwisha tazama video ingine, nimekwisha pata wazo: macaroni ya kutengeneza na mukono, toka mwanzo, hapa hapa nyumbani.

Eulalie ameuliza macaroni inatengenezwa na unga gani.

Nimemujibu: unga wa macaroni.